Saluti ya Raia



Juma hili tutaziweka kando kidogo habari za jikoni na za akiba, tusafiri. Wahenga walinena, tembea uone, nami nilijaaliwa kutembea. Mwezi Julai, 2023, nilipopata likizo yangu ya mwaka, nilikaa siku kumi na nne katika jiji la Dar es Salaam, Tanzania, nyumbani kwa dada yangu, binti wa shangazi, aliyeolewa huko. Niliporudi, wengi waliniuliza nimeleta nini. Kanga nilileta. Lakini kitu chenye thamani kuliko vyote nilivyoviona huko hakifungwi katika mzigo, wala hakilipiwi ushuru mpakani. Nacho ni namna wakazi wa jiji lile wanavyokitumia Kiswahili, lugha ile ile ambayo wewe askari unaitumia kila siku kazini, na ambayo wewe mke au mtoto wa askari unaisikia kila siku kambini.

Nalieleza jambo hili katika ukurasa wa nyumbani kwa makusudi. Hapa kwetu Uganda wako raia wengi ambao, wakisikia Kiswahili, moyo hudunda kwanza. Wanaijua lugha hii kuwa ni lugha ya amri. Huko Dar es Salaam nimeiona lugha hiyo hiyo ikiamsha watoto, ikiomba radhi, ikiuza vitumbua, ikifariji wafiwa. Basi nikajiuliza: je, lugha ni mbili, au ni moja iliyogawanyika njiani?

Kutoka Kabatoro hadi Dar es Salaam ni safari ndefu. Tulipita Mbarara na Masaka, tukavuka mpaka pale Mutukula, kisha tukapita Kyaka, penye daraja la Mto Kagera ambalo majeshi ya Idi Amin yalilivunja mwaka 1978. Kutoka hapo ni Bukoba, Biharamulo, Kahama, Singida, Dodoma na Morogoro, usiku kucha na mchana kutwa, hadi basi lilipotufikisha Mbezi, katika Kituo Kikuu cha Mabasi kilichozinduliwa Februari 2021. Jiji lenyewe ni kubwa ajabu. Kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Mtu aliyezoea Kabatoro, ambako mgeni akishuka garini asubuhi, kufika adhuhuri mji mzima unajua amefikia kwa nani, hana budi kuona kizunguzungu.

Dada yangu anakaa Magomeni, kando ya Barabara ya Morogoro. Nyumba yao ni ya kupanga: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uko ua wenye bomba moja la maji na majiko ya wapangaji. Humo mlikuwa na fundi seremala Mmakonde, muuza duka Mhaya, mjane wa Kizaramo na wajukuu zake, kijana dereva wa bajaji kutoka Singida, na familia ya dada. Watu hawa hawakuzaliwa pamoja wala hawali chungu kimoja, na bomba ni moja. Ninyi mnaokaa katika nyumba za kambini mnaelewa vizuri bomba moja maana yake ni nini saa kumi na mbili za asubuhi.

Hata hivyo, hakuna aliyeweka ndoo yake chini ya bomba kabla ya maneno. “Habari za kuamka, mama?” “Nzuri, sijui zako.” “Watoto hawajambo?” “Hawajambo, yule mdogo tu alikohoa usiku.” “Pole, mpe maji ya tangawizi.” Ndipo linapokuja lile linalotakiwa: “Naomba nikinge ndoo moja tu, nimechelewa.” Mwenye zamu husogea. Niliwaza mwanzoni kwamba maneno yote hayo ni kupoteza wakati. Siku ya tatu nikapiga hesabu: salamu zilichukua muda mfupi kuliko ugomvi mmoja wa ndoo niliowahi kuuamua katika nyumba za watumishi. Wapangaji wale hawakuwa malaika. Siku ya tano palizuka maneno makali juu ya mkaa uliopungua. Lakini kesho yake asubuhi walisalimiana, kwa sababu salamu pale haimsubiri mtu apendwe kwanza. Ni haki yake, kama maji.

Watoto wa dada walinipokea kwa “Shikamoo, mjomba.” Hata yule wa miaka mitatu, ambaye ulimi wake haujakunjuka, alisema “Kamoo,” akasimama akinitazama. Alikuwa anasubiri. Alikuwa anajua kwamba mjomba anadaiwa. Nilipoitikia “Marahaba,” akakimbia zake kucheza.

Hapo ndipo nilipowakumbuka ninyi wasomaji wangu wenye sare. Mnajua sheria ya saluti. Mdogo wa cheo ndiye anayeanza, lakini mkubwa hana hiari, lazima airudishe. Mkubwa asiyerudisha saluti amejivunjia heshima mwenyewe. Shikamoo na marahaba ni saluti ya raia. Haipigwi kwa mkono, inapigwa kwa ulimi. Haifuati nyota za begani, inafuata umri. Mtoto humwamkia mzazi, mwanafunzi mwalimu, kijana mzee asiyemjua kabisa barabarani, na mzee yule huitikia, awe tajiri au awe anauza karanga.

Jioni moja nilikuwa nimekaa kwenye benchi la muuza kahawa, mzee wa makamo ya sabini hivi, mwenye birika la shaba juu ya makaa na vikombe vidogo visivyo na masikio. Pakapita afande wa polisi, mtu mzima, mwenye alama za cheo mkononi. Watu walimpisha kidogo, kama wanavyompisha polisi popote duniani. Afande akainamisha kichwa, akasema: “Shikamoo, mzee wangu.” Yule mzee, bila kuacha kumimina, akajibu: “Marahaba, mwanangu. Kazi inakwendaje?” Afande akaketi, akanywa kahawa chungu na kipande cha kashata, akalipa, akaenda zake. Vyeo vyake vilibaki pale pale mkononi, havikupungua hata kimoja. Ila nilitazama nyuso za wale waliokaa kwenye benchi. Kesho akija afande yule kuuliza habari za mwizi aliyepita mtaa ule, nina hakika atajibiwa.

Sasa tuingie barabarani. Dar es Salaam ina mabasi marefu yaitwayo mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, yenye njia yao peke yao katikati ya Barabara ya Morogoro. Vituo vyake vina majina ya kila aina, na kimoja kinaitwa Kagera; Mganda hawezi kulisikia jina hilo bila kugeuka. Pembeni zinapita daladala, magari madogo ya abiria, pamoja na bajaji na bodaboda zisizohesabika. Ndani ya daladala nilisikia maneno yaliyonishtua. Konda alikuwa ananing’inia mlangoni, akimwita mama mmoja aliyebeba mtoto: “Panda gari, mama, siti ipo!”

Msomaji kijana huenda asielewe kwa nini nilishtuka. Waulize wazee wako. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mjini Kampala na viungani mwake, “panda gari” lilikuwa jina la misako ya kijeshi. Watu walizingirwa, wakaamriwa kupanda malori, na wako ambao familia zao hazikuwaona tena. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini nimeyasikia maneno hayo kwa wakubwa wangu, na siku zote huyataja kwa sauti ya chini. Maneno mawili tu, kupanda na gari, hayana dhambi yoyote. Kule Dar es Salaam yalikuwa yanamkaribisha mama mzazi akae kitako na mwanawe. Kampala yaligeuka kuwa jina la hofu. Neno ni kama chungu: ukikipikia sumu, hata ukikisugua watu watachelewa kula chakula chake.

Nilipofika Kariakoo, ambako biashara ya jiji zima hukutana, niliona jinsi neno moja lilivyochukua mahali pa jingine. Jengo la soko kuu la pale, lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021, na nilipofika lilikuwa bado linajengwa upya, lakini mitaa ya kandokando ilijaa wauzaji. Kwetu, mtu akitaka chai hotelini husema “Nataka chai” au “Lete chai.” Kariakoo nilisikia “Naomba chai,” “Naomba kilo moja ya mchele,” “Naomba chenji yangu.” Nikastaajabu: mtu anaombaje kitu anachokilipia fedha yake, tena anaombaje chenji ambayo ni mali yake? Shemeji yangu alicheka, akaniambia: “Shemeji, fedha inanunua mchele. Haimnunui mwenye mchele.”

Kwa sababu mimi ni mtu wa chumvi, sikuacha kuitazama chumvi. Ya kwao ni ya bahari, inayokaushwa juani katika mabwawa ya pwani, kama kule Bagamoyo. Sisi Katwe tunaipata katika maji ya ziwa lililomo ndani ya shimo la volkano, nayo tunaikausha kwa jua lile lile. Mwenye duka alipojua kwamba natoka kwenye chumvi, tukazungumza kwa muda mrefu juu ya mvua inavyoharibu mabwawa. Mvua ni adui wa mchumvi, awe wa baharini au wa ziwani. Ndivyo Kiswahili kilivyotuunganisha watu wawili wa kazi moja, ambao kati yetu pana zaidi ya kilomita elfu moja.

Lakini siku ambayo sitaisahau ni ile niliyokwenda Feri, kwenye soko la samaki karibu na kivuko cha Kigamboni. Hapo samaki huuzwa kwa mnada tangu alfajiri: changu, vibua, jodari, pweza, na wengine nisiowajua majina. Mtu aliyekua akiona ngege wa Ziwa Edward wakipakuliwa pale Katwe hujiona yuko nyumbani, isipokuwa harufu ya bahari ni nyingine. Pembeni wako mama lishe, wanawake wanaopika na kuuza chakula. Nikaketi kwa mmoja wao, nikala wali na kibua wa kukaanga. Akaniuliza, “Kaka yangu, mgeni wa wapi? Lafudhi yako si ya huku.” Nikamjibu kwamba natoka Uganda, upande wa Kasese, karibu na mpaka wa Kongo.

Mama yule akaweka mwiko chini. “Kasese? Ndiko kule walikouawa wale wanafunzi?”

Ilikuwa hata mwezi haujatimia. Usiku wa tarehe 16 Juni, 2023, waasi wa ADF waliishambulia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu zaidi ya arobaini, wengi wao wanafunzi waliokuwa bwenini. Kwetu sote, tangu Bwera hadi Kabatoro, hapakuwa na nyumba isiyojua nyumba iliyofiwa. Nikamwambia, ndiyo, ni huko.

“Poleni,” akasema. “Poleni sana. Mungu awape subira wazazi wale.” Na wale waliokuwa wakila kwenye benchi, wavuvi na wachukuzi wa mizigo wasionijua, nao wakasema mmoja baada ya mwingine: “Poleni, ndugu yetu.” Hawakuniambia “pole,” kama kwa mtu mmoja. Walisema “poleni,” wakawatia ndani watu wote wa kwetu. Kisha kila mtu akarudi kwenye sahani yake.

Katika Kiswahili chetu cha barabarani neno “pole” tunalijua zaidi likiwa mara mbili, “pole pole,” tunapomwonya dereva. Likiwa moja, hatulitumii sana. Nami nawaambieni kwamba lile moja ndilo zito. Kiswahili hakina neno dogo kuliko hilo linaloweza kubeba mzigo mkubwa kiasi hicho.

Sasa turudi kwenye swali letu: ilikuwaje lugha moja ikawa na sura mbili? Jibu, au sehemu yake, limesimama katikati ya jiji la Dar es Salaam, kwenye mzunguko wa Barabara ya Samora. Hapo ipo sanamu ya shaba ya askari Mwafrika, bunduki mikononi, singe mbele, akielekea bandarini. Mahali hapo Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann, ambayo Waingereza waliiondoa walipoliteka jiji mwaka 1916. Sanamu ya askari iliwekwa mwaka 1927 kwa ukumbusho wa askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, nayo ina maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Hata jina la Kariakoo limetokana na vita hivyo: ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, kilichopata kuwa na kambi mahali pale.

Askari yule wa shaba ndiye babu wa Kiswahili chetu. Jeshi la King’s African Rifles, ambalo wazee waliliita Keya, liliundwa mwaka 1902 na kuwakusanya vijana wa makabila mengi, wakiwamo wa Uganda, chini ya maofisa Waingereza. Mkufunzi na kuruta wote wawili walikuwa wanajifunza Kiswahili kwa haraka, na kila mtu hujifunza kwanza maneno ya kazi yake. Kazi ilikuwa amri. Ndipo yakaja “kuja,” “lete,” “simama,” “toka.” Hapakuwa na mama wa kufundisha “naomba,” wala bibi wa kufundisha “shikamoo.” Lugha ikatoka pwani ikiwa na familia nzima; ikaingia kambini kwetu ikiwa kapera.

Tena kwetu haikupewa nafasi ya kuoa. Katika miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipotaka kukikuza Kiswahili shuleni, wakubwa wengi walikataa, akiwamo Kabaka Daudi Chwa wa Buganda. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini raia waliendelea kukisikia kutoka kwa watu wale wale wenye bunduki. Lugha ikisikika mahali pamoja tu, huchukua harufu ya mahali hapo. Ukiiacha chumvi katika gunia la mkaa itakuwa nyeusi, na mgeni atadhani kwamba ndiyo rangi yake.

Najua msomaji mmoja atasema: “Huyu bwana amekwenda ugenini siku kumi na nne, sasa anatuletea sifa.” Hapana. Jiji lile lina kasoro zake. Nimewasikia makonda wakitoa matusi ambayo siwezi kuyaandika katika ukurasa unaosomwa na watoto. Saa za jioni watu husukumana kuingia garini bila kuuliza nani mzee nani mjamzito. Wakati wa masika bonde la Jangwani hufurika na barabara hukatika. Na maneno matamu yanaweza kuwa kichaka cha kujifichia: muuzaji anayekuita “karibu, mpenzi mteja” anaweza akakupandishia bei mara mbili huku akitabasamu, na fundi anayekwambia “nakuja sasa hivi” anaweza asije kabisa. Uungwana ni vitendo, na ulimi peke yake hautoshi.

Msomaji mwingine, askari, atasema: “Mimi nikianza kuomba-omba, nani atanitii?” Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa nililoliona. Karibu na Ubungo trafiki aliyevaa sare nyeupe aliisimamisha daladala yetu. Akamwambia dereva: “Habari za kazi, dereva? Naomba leseni yako.” Dereva akampa. Trafiki akaikagua leseni, akazitazama tairi, moja ilikuwa kipara, akamwandikia faini bila kupunguza hata shilingi moja. “Safari njema, badilisha tairi.” Dereva alinung’unika juu ya fedha zake, lakini sikumsikia akilalamika kwamba amedharauliwa. Sheria ilitekelezwa yote, na adabu ilibaki yote. Amri ina mahali pake. Kwenye gwaride na kwenye mapambano hakuna “tafadhali,” wala hapafai kuwapo, kwa maana neno refu linaweza kugharimu maisha. Lakini mlango wa nyumba si kizuizi cha barabarani, na mtoto wa miaka sita si kuruta.

Wala tusidhani kwamba uungwana huu ni wa pwani peke yake. Baada ya kurudi nilianza kusikiliza kwa makini zaidi hapa kwetu. Nenda Bwera na Mpondwe uwasikilize akina mama wanaovuka mpaka na vikapu vyao. Kiswahili chao ni cha Kongo, watu wa Dar es Salaam wangekicheka kidogo, lakini kimejaa “aksanti, mama” na “pole na kazi.” Sikiliza pale ziwani Katwe, ambako Mkonzo, Msongora, Mnyankole na Mkongo hufanya kazi katika mabwawa yanayopakana. Mtu ambaye miguu yake imechubuliwa na maji ya chumvi hapendi kuamriwa. Anapenda kuulizwa ameamkaje. Na lugha zetu za mama zina salamu ndefu kuliko hizo za Magomeni. Anayesema “wasingya” kwa Lukonzo anajua kushukuru. Hana haja ya kufundishwa moyo, anahitaji maneno tu.

Jambo hili sasa lina uzito kuliko zamani. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. UNESCO nayo, mwaka 2021, iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Basi watoto wa raia watakisoma shuleni kutoka vitabuni. Watoto wenu, enyi wasomaji wa kambini, wanakisikia tayari nyumbani, na wenzao watawatazama wao waone Kiswahili ni kitu cha namna gani. Mtoto wa askari akimwambia mwenzake “Wewe, kuja hapa, lete!” atakuwa amethibitisha hofu ya zamani. Akimwambia “Njoo tafadhali, naomba kalamu yako,” ataizika.

Kwa hiyo, kama desturi ya ukurasa huu, nawaachia mambo machache ya kutenda nyumbani, yasiyogharimu hata senti.

Kwanza, asubuhi kila mtoto aamkie: “Shikamoo, baba. Shikamoo, mama.” Na baba asijibu kwa kukohoa. Aitikie “Marahaba, mwanangu,” kama vile afande anavyorudisha saluti.

Pili, herufi moja ina kazi kubwa. “Lete maji” ni amri. “Uniletee maji” ni ombi la mkubwa. “Naomba uniletee maji” ni ombi la muungwana. Mume na mke walitumie hili la mwisho wao kwa wao, watoto wakisikia. Mtoto hajifunzi maneno anayoambiwa ayaseme, hujifunza yale anayoyasikia.

Tatu, “hodi” isemwe mlangoni, hata kama mlango ni wa nyumba yako mwenyewe, na asiyeitikiwa “karibu” asubiri.

Nne, jirani akipatwa na jambo, kubwa au dogo, mwambie “pole.” Usingoje msiba. Aliyetoka doria usiku kucha anastahili “pole na kazi,” na mkewe aliyekesha akimngoja anastahili vile vile.

Nawe baba, jioni hii ukirudi, vua buti, weka mkanda mahali pake, na sauti ya gwaride uiweke hapo hapo kando ya mkanda. Kesho asubuhi utaikuta.

Hadi juma lijalo, ambapo tutarudi jikoni na habari ya kuhifadhi samaki kwa chumvi ya Katwe. Kwaherini, na poleni na kazi.